Bomba Lililoziba na Shahada ya Uzamivu

Chini ya vilima vya Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, maji na mvuke hupanda pamoja kutoka visima vyenye kina cha hadi kilomita tatu, mahali ambapo joto linaweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi. Juu ya ardhi kuna chombo kikubwa cha chuma kinachovitenganisha: mvuke huelekezwa kwenye turbini kuzalisha umeme, maji hurudishwa ardhini kupitia kisima kingine. Kwenye mchoro kazi hiyo inaonekana nyepesi. Taabu huja na silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Maji ya moto huiyeyusha kwa wingi, yakipoa huitema. Maji ya nyuzi 100 yanaweza kubeba silika karibu mara tatu ya maji ya nyuzi 25, na inayozidi hujishika ukutani mwa bomba tabaka kwa tabaka, kama ukoko kwenye sufuria ya wali, mpaka njia inakuwa nyembamba na kisima cha kurudishia kinaanza kukataa maji.

Fundi wa zamu atafunga vali, atafungua bomba, atagonga na kusafisha. Ni kazi ya lazima na haina mbadala. Lakini katika zamu hiyohiyo anaweza kuwepo mtu anayejiuliza mengine. Kwa nini ukoko umeanza kwenye kiwiko hiki na si mita 50 nyuma yake? Maji yalikuwa yanapita hapa kwa kasi gani? Presha ya chombo cha kutenganishia ikipandishwa kidogo, umeme utapungua kiasi gani, na bomba litadumu miezi mingapi zaidi? Mtu huyo ameshaanza shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, hata kama hajagusa fomu ya chuo chochote.

Wakenya wengi wenye maswali ya aina hiyo wameyapeleka mbali, katika nchi ya barafu. Tangu mwaka 1979 Iceland imekuwa ikiendesha mafunzo ya jotoardhi ya miezi sita kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea. Kwa miongo minne mafunzo hayo yalikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa; tangu 2020 yamehamia chini ya mwavuli wa UNESCO kwa jina la GRÓ. Zaidi ya watu 700 kutoka nchi zaidi ya 60 wamepita humo, na hakuna nchi iliyopeleka wengi kuliko Kenya. Kuanzia miaka ya 2000 mlango ulipanuliwa: waliofanya vizuri katika ile miezi sita waliweza kurudi Reykjavik kusoma uzamili, na baadaye uzamivu.

Msomaji anayepitia tasnifu zao, ambazo zimewekwa wazi mtandaoni bila malipo, hatakuta mada za kupendeza masikio. Atakuta mitandao ya mabomba ya kukusanyia mvuke. Atakuta minara ya kupozea. Atakuta mitambo midogo inayofungwa palepale kisimani ili umeme uanze kuuzwa kabla kituo kikubwa hakijajengwa. Waandishi walitoka kazini, wengi wao katika kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, KenGen, au Shirika la Maendeleo ya Jotoardhi, GDC. Walisafiri na takwimu za visima vyao wenyewe, na walipohitimu walirudi kwenye mashine zilezile.

Kituo cha kwanza cha Olkaria kilianza mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, na kufikia 1985 kilikuwa na mitambo mitatu ya jumla ya megawati 45. Mwaka 2014 ziliongezwa megawati 280 kwa mkupuo mmoja, na mwaka 2019 kikaja kituo cha Olkaria V. Leo jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba shahada ndizo zilizojenga vituo hivyo. Kulikuwa na mikopo mikubwa, wakandarasi wa kigeni na turbini za Mitsubishi na Toshiba. Hata hivyo mtu anayeweza kumwambia mkandarasi kwamba hesabu yake ya presha haiendani na kisima namba fulani hapatikani dukani. Inabidi afundishwe, tena kwa miaka.

  

Mfano wa Olkaria unastahili kuangaliwa na kila kijana wa Dar es Salaam, Kampala au Mombasa mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo anayejiuliza aende wapi sasa. Vijiweni mazungumzo huanza na nchi: Ujerumani au Marekani? Kisha jina la chuo, kisha ufadhili, na mwisho kabisa, mara nyingi ndani ya ndege, mada ya utafiti. Wale wa Olkaria walianza na mada. Chuo kilifuata.

Mpangilio huo ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1863 Chuo Kikuu cha Yale kilimtunuku Josiah Willard Gibbs shahada ya uzamivu inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya uhandisi nchini Marekani. Baadaye Gibbs aliweka misingi ya thamodainamiki ya kemikali na jina lake likaingia katika kila kitabu cha fani hiyo. Tasnifu yake, hata hivyo, ilihusu umbo la meno ya gia. Jino likikatwa vibaya, gurudumu moja husukuma jingine kwa mishtuko, chuma hulika, na nguvu hupotea kuwa joto na kelele. Likikatwa sawasawa, mwendo hupita kutoka gurudumu hadi gurudumu bila kutetereka. Gibbs alilichukua tatizo la karakana akalitendea kwa jiometri, na mwaka 1866 akapata hataza ya breki ya treni. Miaka kumi hivi baadaye alikuja na ile nishati inayobeba jina lake, ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili huikariri kabla ya mtihani na kuisahau baada yake. Hesabu ya nishati hiyohiyo ndiyo inayoamua kama silika ya Olkaria itabaki ndani ya maji au itaganda.

Ludwig Prandtl ni kisa kingine. Alipata uzamivu wake Munich mwaka 1900, akaajiriwa katika kiwanda cha MAN mjini Nürnberg, na akapewa kazi ambayo leo mhitimu angeinung'unikia: kurekebisha mfumo wa kunyonya maranda na vumbi la karakana. Mle ndani kulikuwa na bomba linalopanuka, na hewa haikufanya kama nadharia ilivyoahidi. Badala ya kuufuata ukuta, ilibanduka. Prandtl aliondoka kiwandani lakini swali hakuliacha. Mwaka 1904, mbele ya mkutano wa wanahisabati huko Heidelberg, alieleza habari za tabaka jembamba la hewa au maji linalogusa ukuta, ambamo ndimo msuguano hufanya kazi yake. Andiko lake lilikuwa la kurasa chache tu. Bawa la ndege, pangaboi la turbini na bomba la mvuke vyote huhesabiwa leo kwa msingi wa kurasa hizo zilizotokana na maranda.

Sasa, mtu anayejiandikisha kwa shahada hizi anakwenda kufanya nini hasa? Uzamili kwa kawaida huchukua kati ya mwaka mmoja na miwili. Nusu ya kwanza ni madarasa: uhamishaji wa joto, mwendo wa vimiminika, uimara wa vifaa, udhibiti wa mifumo, na hisabati nyingi kuliko alivyozoea. Nusu ya pili ni tasnifu. Uzamivu huchukua miaka mitatu hadi sita kutegemea nchi, na humo madarasa hupungua mpaka mwanafunzi anabaki na swali moja, msimamizi mmoja au wawili, na mashine inayogoma.

Kugoma kwa mashine kunahitaji kuelezwa, kwa sababu vipeperushi vya vyuo haviyasemi hayo. Chukua kazi ndogo kabisa: kupima jinsi bomba la chuma linavyonyumbuka karibu na mahali lilipochomelewa. Kifaa chake ni geji ya mnyumbuko, kijikaratasi cha plastiki kidogo kuliko ukucha, chenye uzi wa metali uliokunjwakunjwa juu yake. Mwanafunzi anasugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, anafuta kwa pamba yenye asetoni, anafuta tena kwa pamba nyingine mpaka itoke nyeupe. Anaweka tone la gluu. Anabandika geji akiilenga mstari aliouchora, anaibonyeza kwa kidole gumba, anahesabu dakika nzima bila kutikisika. Ikikaa upande kwa digrii tatu, anabandua na kuanza upya, na geji iliyobanduliwa haitumiki tena. Halafu analehemu nyaya mbili nyembamba kama unywele.

Geji ya kawaida ina ukinzani wa omu 120. Bomba likivutika kwa milimita moja katika kila mita, kiasi ambacho chuma cha kawaida kimeshakaribia ukomo wake wa kurudi kilivyokuwa, ukinzani huo hubadilika kwa omu 0.24 tu. Ndani ya badiliko hilo dogo ndimo tasnifu nzima ilipo. Umeme ukikatika, kiyoyozi kikizimika na chumba kikaanza kupata joto, kipimo nacho huhama chenyewe, na mwanafunzi anaweza kutumia wiki nzima akidhani amegundua jambo jipya kuhusu chuma, kumbe amepima hali ya hewa.

Upande wa kompyuta nao una mitego yake. Anayeiga mwendo wa mvuke ndani ya chombo cha kutenganishia huigawa nafasi hiyo katika vichumba vidogo, pengine milioni kadhaa, na kuiachia kompyuta ikokotoe. Picha inayotoka ina rangi nzuri, nyekundu na buluu, na hapo ndipo hatari ilipo. Msimamizi makini huuliza swali moja kabla ya kutazama picha: ukiongeza vichumba mara mbili, jibu linabadilika? Likibadilika, hakuna jibu bado. Programu nyingi za kazi hii huuzwa leseni kwa bei ambayo idara nyingi za Afrika Mashariki haziimudu, lakini OpenFOAM imekuwa wazi na bure tangu 2004, na mwanafunzi anayeijua vizuri hana sababu ya kutumia nakala ya wizi ya programu nyingine. Majarida ya kitaaluma huuliza programu gani ilitumika. Kampuni zinazouza leseni nazo husoma majarida.

Fedha sasa, maana bila hizo maneno yote haya ni hadithi.

Ujerumani ina sifa ya elimu ya bure, na kwa sehemu kubwa sifa hiyo ni ya kweli: vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, lenye vyuo vya Stuttgart na Karlsruhe vinavyosifika kwa mitambo, limekuwa likiwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza wageni hao mwaka wa masomo wa 2024/25, na kwa shahada nyingi za uzamili ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Zaidi ya hapo, ubalozi hutaka kuona akaunti maalumu iliyofungiwa pesa za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Familia nyingi hushtukia hapo, barua ya chuo ikiwa mkononi na furaha imeshatangazwa ukoo mzima. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, huondoa mzigo huo, ila wanaoupata ni wachache kuliko wanaouomba.

Uzamivu wa Ujerumani ni jambo tofauti kabisa. Mjerumani huuita Dr.-Ing., cheo ambacho vyuo vya ufundi vya Prussia vilipewa haki ya kukitoa mwaka 1899 baada ya kudharauliwa kwa muda mrefu na vyuo vikuu vya kale. Anayeufanya mara nyingi huwa ameajiriwa na idara: ana mkataba, ana mshahara, anafundisha mazoezi, anahudumia miradi ya viwanda. Nafasi hutangazwa kama ajira nyingine yoyote, na anayezisubiri kwenye orodha za ufadhili atasubiri sana kwa sababu hazimo humo.

Marekani nako kuna jambo ambalo waombaji wengi wa kwetu hulijua wakiwa wamechelewa. Mtu anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja akiwa na shahada ya kwanza tu, na aliyekubaliwa kwa uzamivu kwa kawaida husamehewa ada na hulipwa posho kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha. Wa uzamili, kinyume chake, mara nyingi hujilipia mwenyewe. Kwa hiyo kijana anayeomba uzamili kwa unyenyekevu, akijiona hajafikia uzamivu, huenda amechagua njia ya gharama kubwa zaidi. Mtihani wa GRE uliokuwa ukiwasumbua wengi ulifupishwa Septemba 2023 ukawa wa chini ya saa mbili, na idara nyingi hazitaki tena kuuona.

Uingereza hutoa uzamili wa mwaka mmoja. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya nchi hiyo, unadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Japani, kupitia mpango wake wa ABE uliotangazwa 2013, huunganisha uzamili na mafunzo ndani ya kampuni za Kijapani, jambo la maana kwa mhandisi ambaye turbini zake zimetengenezwa na kampuni hizohizo.

Popote aendako, karatasi yenye uzito kuliko zote ni barua pepe kwa msimamizi mtarajiwa. Maprofesa hupokea nyingi kila wiki na nyingi hazisomwi mpaka mwisho, kwa kuwa zinafanana: mheshimiwa profesa, nimevutiwa sana na kazi zako tukufu, naomba nafasi. Heshima ya namna hiyo, iliyo adabu njema kwetu, kwa profesa wa Aachen au Michigan inaonekana kama barua iliyotumwa kwa watu mia. Barua inayojibiwa huwa fupi. Inataja andiko moja la profesa huyo na jambo moja ndani yake. Inaeleza kwa sentensi mbili tatizo alilokutana nalo mwombaji: pampu iliyokuwa inakufa kila baada ya miezi minne, kinu cha kukoboa kilichokuwa kinavunja mchele. Inasema alipima nini na kwa kifaa gani. Kisha inauliza kama kuna nafasi. Hapo ndipo mhandisi aliyefanya kazi gereji, kiwandani au mgodini anapompita mwenye alama za juu ambaye hajawahi kushika spana.

Nyumbani nako kuna milango, na si ya kudharauliwa. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa 1973, na sasa ni sehemu ya Chuo cha Uhandisi na Teknolojia, CoET, Mlimani. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya uzamili na uzamivu wa sayansi na uhandisi. Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina taasisi yake ya mafunzo na utafiti wa jotoardhi, hivyo Mkenya wa leo hahitaji tena kuvuka bahari kwa kila swali la mvuke. Mradi wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri ulioanza 2016 uliwezesha vituo 24 katika nchi nane za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kikiwemo cha nishati katika Chuo Kikuu cha Rwanda na cha nguo na nishati jadidifu katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Mfuko wa RSIF, unaoratibiwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi, hufadhili uzamivu wa sayansi na uhandisi katika vyuo vya Afrika.

Kasoro zipo, na zinajulikana na kila aliyepita. Msimamizi ana wanafunzi wengi na madarasa mengi ya shahada ya kwanza. Mashine ya kupimia imeharibika na spea inatoka ng'ambo. Uzamili wa miaka miwili unakuwa wa minne, mwanafunzi anaoa, anapata kazi, na tasnifu inabaki kwenye kompyuta mpakato ikiwa na sura tatu.

Halafu kuna suala la vikaushio vya jua. Ni vigumu kupata idara ya uhandisi mitambo katika ukanda huu isiyo na kikaushio kimoja nyuma ya karakana, kisanduku cha mbao chenye kioo au nailoni juu, masalio ya tasnifu ya mtu fulani. Tatizo lenyewe ni la kufa na kupona: mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua tena katikati ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yanatakiwa yafikie unyevu wa asilimia 13 hivi kabla hayajawekwa ghalani. Lakini tasnifu nyingi za vikaushio huishia kwenye mchoro wa joto dhidi ya saa. Hazisemi nani atakitengeneza, kwa shilingi ngapi, na kama magunia kumi ya mkulima wa Kongwa yatakauka kabla mvua haijarudi. Mada huchaguliwa kwa sababu mbao na kioo vinapatikana kwa urahisi, na mkulima haulizwi. Huo si utafiti wa bei nafuu. Ni utafiti ghali sana, kwa sababu miaka miwili ya mhandisi kijana imekwenda na mahindi bado yanaota kuvu.

Isidhaniwe kwamba makala hii inataka kila tasnifu iwe ya mahindi na mabomba. Mwaka 1993 jarida la Combustion and Flame lilichapisha andiko kuhusu namna moto unavyosambaa mahali gesi ya kuwaka inapochanganyika na hewa: ncha yake hugawanyika kuwa ndimi tatu. Ni kazi ya nadharia na hesabu makini, na watafiti wa mwako duniani bado huirejea. Jina la kwanza kwenye andiko hilo ni P. N. Kioni, Mkenya aliyekuwa Cambridge kwa uzamivu. Baadaye Profesa Ndirangu Kioni alirudi, na akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, chuo hichohicho chenye taasisi ya jotoardhi. Ndimi tatu za moto hazikuwa tatizo la kijiji chochote. Lilikuwa swali safi, lenye mwisho unaopimika, chini ya wasimamizi waliolijua vizuri.

Wengine shahada huwapeleka kusikotarajiwa. Makame Mbarawa alikuwa profesa wa uhandisi mitambo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tshwane, Pretoria, kabla ya kuingia siasa za Tanzania na kuongoza wizara za ujenzi, uchukuzi na maji.

Kuna jambo moja ambalo wahitimu wa uzamili hulijua kwa uchungu: shahada hizi hazimpi mtu leseni. Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi hutaka mafunzo kazini chini ya usimamizi, na mpango wake wa SEAP ulioanza 2003 ni wa miaka mitatu. Kenya ina bodi yake na masharti yake. Mwenye uzamivu ambaye hajasajiliwa hawezi kutia saini michoro ambayo mwenye shahada moja aliyesajiliwa anaitia saini kila siku. Anayetaka kiwanda au ujenzi afikirie kusajiliwa kwanza, uzamili baadaye. Anayetaka kufundisha chuo kikuu ajue kwamba bila uzamivu ngazi zake zitaisha mapema.

Kuhusu ajira, hoja ya kwamba hakuna mashine za kutosha kuhitaji watu hawa inazidi kupoteza nguvu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina turbini tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni mwaka huohuo. Tanzania ina kampuni yake ya jotoardhi tangu 2013, na uchorongaji umeshafanyika Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya. Vyote hivi vitaanza kuzeeka. Mabawa ya turbini yatalika, reli zitachakaa, visima vitaziba. Mkandarasi aliyejenga atakuwa amekwishaondoka, na dhamana ya vifaa itakuwa imekwisha.

Kwa msomaji anayekusudia kuomba: vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu Desemba na Januari. Chevening mara nyingi hufunga Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Ujerumani, muhula wa Oktoba una tarehe rasmi ya 15 Julai, lakini shahada nyingi za uzamili hufunga miezi kadhaa kabla. Visa hudai muda wake, na kupata nakala rasmi za matokeo kutoka chuo ulichosoma kunaweza kula wiki kadhaa, kwa hiyo ziombe hizo kwanza. Wakati unazisubiri, andika kwenye karatasi moja mashine uliyoishindwa, ulichokipima, na usichokielewa. Karatasi hiyo ndiyo ya kumtumia profesa.